Lehemu, Risasi na Ubao wa Saketi: Maneno Matatu ya Fundi wa Kamera

Historia ya neno huandamana na historia ya kitu, lakini si lazima viwili hivyo viende mwendo mmoja. Kitu chaweza kubadilika, neno likabaki nyuma. Jambo hilo ladhihirika katika kazi moja ndogo ifanywayo siku hizi majumbani, nayo ni kutengeneza ubao wa saketi wa kamera ya dijitali iliyoharibika. Makala hii yakusudia kuchunguza maneno matatu ya kazi hiyo.

Tuanze na ubao. Zamani vipande vya redio viliunganishwa kwa nyaya, waya mmoja mmoja, kwa mkono. Mwaka 1936 Paul Eisler, mhandisi aliyezaliwa Vienna, alihamia Uingereza, akaunda redio ambayo njia zake za umeme zilikuwa mistari ya shaba iliyobandikwa juu ya kitu kisichopitisha umeme. Mbinu hiyo aliitoa katika kazi ya uchapaji: mchoro huchapwa juu ya shaba nyembamba, kisha shaba isiyotakiwa huliwa na dawa. Mwaka 1943 aliomba hataza. Kwa Kiswahili wako wasemao bodi, na wako wasemao ubao. Bodi tayari ina shughuli nyingine, maana ndiyo iketiyo kupitisha bajeti. Ubao nao haukosi pingamizi, kwani kitu chenyewe sasa ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi. Walakini neno hilo lataja umbo wala si mti; hata ubao wa darasani uliopigwa saruji huitwa ubao, na hakuna mwanafunzi apotezwaye nalo.

Kamera iliingia katika historia hii mwaka 1975, pale Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, nchini Marekani, alipounda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na kuihifadhi katika kanda kulichukua sekunde 23. Ndani yake mlikuwa na mbao za saketi zipatazo nusu dazeni. Tangu hapo mbao zimepungua na vipande vimesinyaa, hata fundi huhitaji kioo cha kukuzia ili aone anachokigusa.

Sasa tufikie lehemu na risasi. Lehemu ni neno la kale, lenye asili ya Kiarabu, na masonara wa pwani walilijua kabla ya umeme kufika. Maana yake ni madini yayeyushwayo ili kuunganisha madini mengine ambayo yenyewe hayayeyuki. Hapo ndipo litofautianapo na kuchomelea, ambako vyuma vyenyewe huyeyuka vikawa kitu kimoja. Lakini watu wengine huiita lehemu risasi, na kwa miaka mingi hapakuwa na madhara, maana lehemu ya redio ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Mchanganyiko wa bati sehemu 63 na risasi sehemu 37 huyeyuka katika nyuzi 183 za Selsiasi.

Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia matumizi ya risasi katika vifaa vingi vipya vya umeme, kwa kuwa ni sumu. Viwanda vingi vikahamia lehemu ya bati yenye fedha na shaba kidogo, iyeyukayo katika nyuzi 217 hivi. Basi yeyote aitaye lehemu hiyo risasi ajidanganya mara mbili. Kwanza, atashangaa chuma chake cha moto kikishindwa kuiyeyusha. Akikikandamiza kwa nguvu, mistari ya shaba itabanduka na ubao utakufa. Pili, akishika kamera ya zamani, ambayo kweli ina risasi, hatakumbuka kunawa mikono kabla ya kula.

Hapa pana funzo kwa watungao istilahi. Jina lililotolewa katika kazi ya kitu hudumu. Jina lililotolewa katika mali ghafi yake huchakaa siku mali ghafi ibadilishwapo. Lehemu yataja kuunganisha, kwa hiyo ni kweli jana na leo.

Hata hivyo usahihi wa neno peke yake hautoshi. Neno kapasita limeenea, lakini halimwambii mtu wa nyumbani kwamba kapasita ya flashi huweza kubaki na volti zipatazo 300 hata baada ya betri kutolewa. Kwa hiyo kila kamusi ya ufundi itoayo maana ya neno hilo yafaa iseme wazi kwamba ni kifaa kiwekacho chaji ya umeme, na kwamba chaji hiyo yapasa kutolewa kwa kupitishwa katika kizuizi cha umeme kabla ya mkono kuingia ndani.

Istilahi si pambo la vitabu. Kwa fundi aliyeinama mezani kwake usiku, maana iliyoelezwa vizuri yaweza kumwokoa.