Majina ya Muziki Mpya na Mvutano wa Vizazi: Mifano kutoka Bonde la Kilombero

Miaka michache iliyopita, tulipokuwa Ifakara kwa kazi ya kukusanya msamiati wa kilimo cha mpunga, mtumishi mmoja wa umma alituletea rasimu ya tangazo ili tuitazame lugha yake. Rasimu hiyo ilikuwa na sentensi moja tu yenye uzito, nayo ilisema kwamba ni marufuku kupiga "muziki wa kufokafoka na wa kihuni" katika kumbi na vilabu vya pombe baada ya saa nne usiku. Tulimwuliza kama dansi la zamani la magitaa laruhusiwa baada ya saa hiyo. Akajibu kwamba laruhusiwa, maana hilo ni la watu wazima. Tukamwuliza tena: je, kijana akisimama na kinasa sauti akawahimiza watu kwa vina wachemshe maji ya kunywa? Akafikiri, akacheka, kisha akasema kwamba hilo nalo ni kufoka. Rasimu ile tuliirudisha bila kuisahihisha, kwa kuwa kosa lake halikuwa la sarufi.

Makala haya yanakusudia kueleza kosa hilo. Tutajaribu kuonyesha kwamba katika nchi yetu kila kizazi kilipoleta muziki mpya, wazee waliupa jina kabla ya kuusikiliza, na kwamba mara nyingi jina hilo lilikuwa hukumu. Mkuzaji wa istilahi, mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali, wote hawa huweza kuipitisha hukumu ya namna hiyo bila kujua, wakidhani kwamba wanatumia neno tu.

NGOMA, BENI NA DANSI

Yafaa tuanze na ngoma yenyewe, ambayo leo hutajwa kama urithi usio na mawaa. Katika Bonde la Kilombero, ambako Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena wameishi pamoja kwa muda mrefu, ngoma haikuwa chombo tu wala mchezo tu. Ilikuwa ndiyo shughuli yenyewe: jando na unyago, arusi, matanga, na pombe ya mavuno. Lakini wamisionari Wakatoliki waliofika Ulanga mwanzoni mwa karne ya 20, yaani Wabenedikto na baada yao Wakapuchini wa Uswisi, waliziona nyingi za ngoma hizo kuwa mambo ya kipagani, wakawaonya waumini wao wasizicheze. Ilipofika Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia iliyoipa heshima miziki ya asili ya mataifa, na ngoma ikaingia kanisani. Hivyo basi, ngoma ambayo mzee wa leo huitaja anapomkemea mjukuu wake, babu yake mwenyewe aliweza kukemewa kwa ajili yake.

Baada ya ngoma ilikuja beni. Neno hili latokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta, na mchezo wenyewe ulianzia pwani ukaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Vyama vyake mashuhuri vilikuwa Marini na Arinoti. Vijana walivaa mavazi ya kiaskari na kupeana vyeo vya kijeshi. Wazee wengi walichukia kuona vijana wakijipa ukubwa bila ya idhini yao, na serikali ya Waingereza nayo ilivichunguza vyama hivyo kwa kuvishuku kwamba ni vya siasa. Hapa ndipo tunapoona jambo litakalojirudia: kilichogombewa hasa hakikuwa sauti ya tarumbeta, bali ni nani mwenye haki ya kumpa kijana cheo.

Kisha likafuata dansi. Mjini Morogoro, makao makuu ya mkoa ambao Ifakara imo ndani yake, Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba walipiga mitindo waliyojifunza kutoka santuri za Kuba, hadi alipofariki mwaka 1965. Bendi ya Morogoro Jazz ilimtoa Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1973 aliunda Super Volcano na akafariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Msomaji atambue kwamba neno "jazz" katika jina la bendi hiyo halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi unaoitwa hivyo. Lilimaanisha bendi ya magitaa, basi. Wenye lugha walilichukua neno, wakalipa kazi waliyoitaka wao.

Nyimbo za wanamuziki hawa leo huitwa zilipendwa. Jina hili ni zuri kwa mtu apendaye kuchunguza maneno: ni kitenzi kilicho katika wakati uliopita, kinachotajwa na watu ambao bado wanazipenda. Lakini zilipokuwa mpya hazikuitwa hivyo. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba, chachacha, twisti na roki, lakini wachache walizijua ngoma kama gombe sugu, mangala na kiduo. Wakati huohuo alionya kwamba taifa lisilotaka kujifunza kutoka kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Sehemu ya kwanza ya maneno yake imekumbukwa sana. Ya pili imesahauliwa mara kwa mara.

MSHAHARA, RELI NA REDIO

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, lililoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na madawa ya kujichubua. Novemba mwaka huohuo, mamlaka ya mkoa mjini Dar es Salaam yalipiga marufuku muziki wa "soul", muziki wa akina James Brown wa Marekani. Neno hilo halikupata umbo la Kiswahili, na pengine ni heri, maana tungeliandika "soli" watu wangedhani ni ya kiatu. Vijana wenyewe waliutumia msamiati wao: walikwenda kwenye "bugi".

Je, mambo haya ya mji mkuu yaliwahusuje watu wa Kilombero? Yaliwahusu kwa njia tatu. Kwanza, mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Kidatu, vilivyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, viliwaleta bondeni vibarua kutoka mikoa mingi, na kila mmoja alikuja na nyimbo zake. Pili, kati ya mwaka 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, iliyopita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, na ikawaajiri vijana wa Kitanzania kwa maelfu mengi. Tatu ilikuwa redio ya betri, ambayo kijana aliweza kuining'iniza kwenye dungu akiamia ndege wasile mpunga.

Hapana budi tuutazame mshahara kwa makini, kwa sababu ndio uliokuwa kiini cha mvutano. Kabla ya hapo kijana wa bondeni alimtegemea mzee wake kwa shamba na kwa mahari. Aliyepokea mshahara wa reli au wa miwa aliweza kujinunulia redio, kujilipia mahari, na kuchagua wimbo. Mzee aliposema kwamba muziki ule ni wa kihuni, alikuwa anasema pia kwamba mtoto yule hamtegemei tena.

Na neno "mhuni" lenyewe lina historia. Katika kamusi za wakati wa ukoloni mhuni alikuwa mzururaji, mtu asiye na makao wala wa kumjibia. Serikali ya kikoloni ililitumia kwa vijana waliokwenda mijini bila kazi, wakakamatwa na kurudishwa makwao. Kwa hiyo "muziki wa kihuni", kwa asili ya neno, ni muziki wa mtu asiye na wa kumjibia. Lawama hiyo ni nzito kuliko tunavyodhani tunapoiandika katika tangazo.

KUFOKA, KUCHANA, KUGHANI

Muziki wa rapu ulianza kusikika kwa Kiswahili nchini kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1991 Saleh Jabir alijulikana kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice. Mwaka 1994 ilianza Radio One, na vituo vingine vya watu binafsi vikafuata. Ukiritimba wa Radio Tanzania ukaisha. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 ndipo jina "Bongo Fleva" liliposikika redioni. Magazeti, kwa upande wake, yaliuita "muziki wa kufokafoka".

Tulichambue neno hili. Kufoka ni hali ya chungu kinachochemka hadi kumwaga, na pia ni kusema kwa ghadhabu. Afokaye amepoteza kiasi. Anayemwita kijana mfokaji amekwisha kutuambia kwamba maneno yake hayana haja ya kusikilizwa. Lakini hebu tusikilize. Mwaka 2001 Joseph Haule, ajulikanaye kama Profesa Jay, alitoa wimbo "Ndio Mzee", unaomkejeli mwanasiasa mwenye kuahidi yasiyowezekana huku umati ukimwitikia. Mtungaji huyo hakuwa amepoteza kiasi hata kidogo: kejeli yake ilikuwa imepimwa, na kila mtu aliielewa. Mwaka 2015 mwenyewe alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mikumi, jimbo linalopakana na Kilombero kule Kidatu, akalitumikia hadi mwaka 2020. Mfokaji alikuwa amekuwa mheshimiwa.

Vijana nao hawakukaa bila majina. Tendo lenyewe huliita "kuchana". Lakini lililotushangaza zaidi ni haya mengine: maneno wayaimbayo huyaita "mistari" na "mashairi", na ufundi wao huusifu kwa "vina". Huu ni msamiati wa mashairi ya Kiswahili, ule uliofundishwa darasani na walimu haohao wanaowalaumu. Kwa maneno mengine, tulipokuwa tunawaita wafokaji, wao walikuwa wanajiita washairi.

Ndipo wako wanaopendekeza neno "kughani". Hoja yao ina nguvu, maana kughani ni kutoa shairi kwa sauti iliyo kati ya kusema na kuimba, na hilo ndilo lifanywalo. Hata hivyo neno hilo nalo lina hatari yake. Washairi wetu wa kimapokeo wana kanuni za mizani zisizofuatwa na vijana, na tukiviita vitu viwili kwa jina moja tutakuwa tumefuta tofauti iliyo ya kweli ili tuonekane wakarimu.

Isidhaniwe kwamba tunawadharau wazee. Mithali yasema, wimbo mbaya hauongolewi mwana, na zipo nyimbo ambazo hakuna mzazi awezaye kuzisikiliza pamoja na wanawe. Mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya maadili, na si wazee pekee walioafiki. Tena lipo huzuniko la haki: mzee wa Kipogoro aijuaye sangula huona kwamba hana wa kumrithisha. Lakini huzuni hiyo haiponi kwa kuuita muziki wa mjukuu uhuni.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne kwa wasomaji wetu. Kwanza, aina ya muziki iitwe "rapu", kama tulivyokubali "dansi", "beni" na "roki". Neno la kukopa halina lawama wala sifa. Pili, "kuchana" liingizwe katika kamusi kama neno la mitaani lililo hai, na "kughani" litumike katika uchambuzi pale ambapo mwandishi ataeleza tofauti tuliyoitaja. Tatu, "kufokafoka" lihifadhiwe, maana ni sehemu ya historia, lakini lipewe alama ya kuonyesha kwamba ni la kubeza. Nne, na hili ni kwa watumishi wa serikali hasa, tangazo au sheria ndogo itaje tendo linalokatazwa. Kama ni matusi, yaandikwe matusi. Kama ni makelele ya usiku, yaandikwe makelele, na yakatazwe yawe ya spika za vijana au ya magitaa ya wazee.

Mtumishi yule wa Ifakara tulimwandikia hivyo. Alituletea rasimu ya pili, iliyokataza kupiga muziki wowote kwa sauti ya kusikika nje ya ukumbi baada ya saa nne usiku. Pembeni aliandika kwa kalamu kwamba sasa itabidi naye azime zilipendwa zake.

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Hii ya rapu imekwisha kupita miaka 30, na watoto walioianza sasa ni wazazi. Baadhi yao wamekwisha kuanza kuwalaumu watoto wao kwa ajili ya singeli. Jina watakaloipa ndilo tutakaloletewa kesho tulisanifishe, na ni wajibu wetu kuuliza kwanza kama ni jina au ni hukumu.