Msitu wa Karura na Mito ya Nairobi

Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000, uko kaskazini mwa jiji la Nairobi. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Mna mihugu na mikinduri ya asili, pamoja na mikaratusi iliyopandwa zama za ukoloni ili kutoa kuni za garimoshi. Humo hupita mito ya Ruaka, Karura na Gitathuru, ambayo maji yake huingia Mto Athi na kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya msitu iligawiwa watu binafsi kwa siri ili wajenge majumba. Wangari Maathai, mwasisi wa shirika la upandaji miti la Green Belt Movement, aliongoza upinzani. Tarehe 8 Januari 1999 yeye na wenzake walifika langoni kupanda mti. Wakashambuliwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana mitaani. Agosti mwaka huohuo, Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Marufuku iliokoa ardhi, lakini msitu ulibaki makao ya wahalifu na wakata miti, na wakazi wa jiji waliuogopa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu wananchi kushirikiana na serikali kusimamia misitu. Kwa msingi huo kikaundwa chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Uzio wa umeme ulijengwa, vijana wa vitongoji jirani wakaajiriwa kuwa walinzi, na vijia vikafunguliwa. Leo vijia hivyo vina urefu wa zaidi ya kilomita 50. Wapitao kwa miguu na kwa baiskeli hupata afya na utulivu, na kuwapo kwao humnyima mhalifu maficho. Ada za langoni zimesaidia kulipia ulinzi.

Mito nayo hufaidika. Matawi hupunguza kishindo cha mvua, majani yaliyooza hunyonya maji na kuyapenyeza ardhini polepole, na mizizi hushika kingo zisimomonyoke. Hivyo mafuriko na tope hupungua kwa wakazi wa bondeni. Vijia vilivyopangwa vizuri huwazuia watembeaji wasikanyage miche na kingo laini. Kwa kuwa mikaratusi hunywa maji mengi, hukatwa hatua kwa hatua na nafasi yake kuchukuliwa na miti ya asili.

Hata hivyo, msitu hauwezi kusafisha maji taka na takataka zinazotupwa mitoni kabla mito haijaufikia. Kazi hiyo ni ya jiji zima: kujenga mabomba ya maji taka, kuzoa taka, na kuacha kingo za mito zilindwe na miti hata nje ya uzio wa Karura.