Orodha, Ufunguo na Siku ya Kesho: Historia ya Mikutano Yetu Inatufundisha Nini?



Inchi yetu haijakosa mikutano. Tangu 1990 tumekutana Kinshasa, tumekutana Sun City, tumekutana Goma, tumekutana Nairobi, bila kuhesabu ile ya ku kila kilima cha Masisi, Kalehe ao Rutshuru. Kila mara kuna banderole, kuna hotuba, kuna picha ya pamoja, kuna karatasi ya maazimio. Kiisha watu wanarudi nyumbani na shida yao inawangojea ku mlango.

Naandika juu ya jambo hili sababu wengi wetu, zaidi sisi wa kilimo, kazi ya kwanza tunayopata kiisha lisansi si kupima udongo. Ni kusimamia mikutano: wakulima na wafugaji, wenye shamba na wapangaji, shefu na vijana. Wanatufundisha namna ya kugawa watu mu vikundi na kubandika karatasi kubwa ku ukuta. Ni vizuri. Lakini ukisoma historia yetu unaona kama mkutano unaponea ao unafia mahali pengine kabisa: ku orodha ya walioitwa, ku mkono unaoshika ufunguo wa chumba, na ku siku inayofuata kufunga.

Kabla ya konferansi kulikuwa barza

Neno lenyewe limesafiri. Ku pwani ya Afrika ya Mashariki, baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, watu wanakaa pale kuongea. Tena ni kikao cha wakubwa. Lilipanda mpaka kwetu pamoja na Kiswahili, na leo kwetu barza ni veranda ya nyumba, lakini vilevile ni mahali wazi kwa shefu, wazee wanapokaa kusikiliza mambo ya watu.

Tusiipambe sana. Ku barza ya zamani mwanamke alisemewa mara nyingi na mume ao kaka, kijana alingoja, na mtu asiye na shamba lake alikuwa na sauti ndogo. Lakini ilikuwa na nguvu moja ambayo mikutano yetu ya leo imepoteza: hakuna aliyepanda gari kiisha kikao. Mzee aliyekata neno juu ya mpaka wa shamba lako, kesho mutakutana ku soko. Akikata vibaya, ataishi na ubaya wake. Ukikubali alafu ukavunja, wote walikusikia.

Ile nguvu ilionekana tena kwetu mwisho wa miaka ya 1990, wakati wazee wa makabila ya Kivu ya Kaskazini waliunda Barza Intercommunautaire. Walikutana, walisikiliza mabishano, mengi juu ya udongo, na kwa miaka fulani walizuia mambo madogo yasiwe vita vya kabila na kabila. Lakini katikati ya miaka ya 2000, wakati siasa ya uchaguzi ilipokaribia na kila mkubwa alitaka wazee wake, ile barza ilivunjika. Tuliweke akilini: haikuvunjika kwa kukosa maarifa ya kuongea. Ilivunjika wakati watu wa inje walianza kuamua nani akae mule na aseme nini.

Mkutano wa miezi kumi na sita

Mu Januari 1990 Mobutu alitangaza kama atasikiliza raia. Alizunguka inchi, na maandiko zaidi ya 6,000 yalikusanywa, mengine makali sana. Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, alitangaza mwisho wa chama kimoja. Watu walitaka zaidi: konferansi ya kitaifa, sawa ile ya Benin. Wabenin walikutana Cotonou mu Februari 1990, watu karibu 500, siku kumi, chini ya Mgr Isidore de Souza, na walitoka na njia mpya kwa inchi yao.

Ya kwetu ilifunguliwa tarehe 7 Agosti 1991 Kinshasa na ikafungwa tarehe 6 Desemba 1992. Hesabu mwenyewe.

Juu ya nini ilikawia vile? Ya kwanza ilikuwa orodha. Mara tu vyama vingi viliporuhusiwa, vilizaliwa kwa mamia, na vingi vilikuwa na mtu mmoja, muhuri mmoja na kiti kimoja cha kutafuta ku konferansi. Watu walicheka na kuita ile michezo « multimobutisme ». Wiki nyingi ziliisha kwa kupigania nani ni mjumbe wa kweli na nani ametumwa kuujaza ukumbi. Mwishowe walifika karibu 2,800. Mwenyekiti wa kwanza, Isaac Kalonji Mutambayi, upinzani ulimkataa. Mu Septemba 1991 waaskari waliokosa mshahara walianza kupora Kinshasa, na uporaji ulisambaa mu miji mingine. Ni mu Desemba 1991 tu, miezi minne kiisha kufungua, ndipo Mgr Laurent Monsengwo alichaguliwa kuongoza.

Ya pili ilikuwa ufunguo. Mu Januari 1992 waziri wa kwanza wa wakati ule, Nguz Karl-i-Bond, alifunga konferansi. Alifunga tu, sawa mtu anafunga duka, juu serikali njo ilikuwa na ukumbi, na pesa, na waaskari. Raia njo waliufungua tena: tarehe 16 Februari 1992 wakristo wa Kinshasa walitembea na biblia, rozari na matawi mu mikono, na waaskari wakawapiga risasi. Wengi walikufa siku ile. Mu Aprili kikao kilianza tena na kikajitangaza kuwa chenye mamlaka kuu. Tukumbuke kila tunapofunga mkutano mbio juu pesa ya transpo imeisha: kuna watu walikufa juu wengine wapate kuongea.

Kuna jambo lilifanywa vizuri sana pale. Mazungumzo yalipita ku redio na televizyo, na mama wa soko wa Bukavu alisikia kwa masikio yake watu wakihoji wakubwa wa inchi. Mambo hayakuwa tena ya chumba. Lakini ile redio ilifika mu nyumba ambazo hakuna mtu alikuwa amezitayarisha. Nguz alipofunga konferansi alisema kama Wakasai wana viti vingi kupita wengine. Mu Agosti 1992 konferansi ilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguz, na kule Shaba, jina la Katanga wakati ule, jeuri iliwaka. Familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala ku gare wakingoja treni, na watu walikufa pale kwa njaa na magonjwa. Sababu zilikuwa nyingi na za zamani, lakini hesabu ya viti vya mkutano ilitumiwa kama kuni.

Ya tatu ilikuwa siku ya kesho. Konferansi ilikuwa na tume 23. Tume mbili zilichimba mambo ambayo raia walingojea zaidi: mali zilizopatikana kwa njia mbaya, na watu waliouawa kwa siri. Ripoti zake hazikusomwa mbele ya wote. Tena, Mobutu alibaki na jeshi na benki. Mu Januari 1993 waaskari walilipwa kwa noti mpya ya milioni tano, ambayo Tshisekedi alikuwa ameikataza, wafanyabiashara wakaikataa, na uporaji ukarudia. Mu Machi Mobutu alimtaja Faustin Birindwa, na inchi ikawa na serikali mbili. Maazimio yalikuwa mazuri ku karatasi. Hakukuwa na mkono wa kuyatekeleza.

Goma, Januari 2008

Miaka 15 mbele, ni zamu yetu wa Kivu. Tarehe 6 mpaka 23 Januari 2008, Goma ilipokea konferansi juu ya amani, usalama na maendeleo ya Kivu mbili, mu majengo ya ULPGL. Abbé Apollinaire Malu Malu njo aliongoza. Watu zaidi ya 1,200 walifika: wabami, shirika la raia, makanisa, wanasiasa, makundi ya silaha.

Siwezi kusema kama ilikuwa bure. Kabila moja lilisimama mbele ya lingine na kusoma uchungu wake, na lile lingine lilikaa likasikiliza. Mwishoni makundi yalitia sahihi ku « actes d'engagement », moja ya Kaskazini na moja ya Kusini: kusimamisha risasi, kutenga waaskari. Kiisha serikali iliunda Programu Amani ya kufuata yale maazimio.

Lakini angalia orodha. Kiti kilipewa mwenye bunduki, na kila mtu aliona. Kijana wa kijiji aliyekuwa na watu wachache na silaha chache alifahamu somo: ukitaka kuitwa, unda kundi. Na FDLR, ambao ilikuwa shida kubwa ya raia wengi, hawakuwa pale. Neno lao lilikuwa limewekwa mu makubaliano mengine ya Kongo na Rwanda, yaliyosainiwa Nairobi mu Novemba 2007. Kwa hiyo CNDP wangeweza kusema: sisi tutaweka silaha namna gani na wale wangali mu pori?

Mwisho wa Agosti 2008 vita vikubwa vilianza tena. Mu Oktoba CNDP ya Laurent Nkunda walikuwa karibu na milango ya Goma, na watu wa Kibumba na Rutshuru walikuwa ku njia na magodoro ku kichwa. Makubaliano mengine yalisainiwa Goma tarehe 23 Machi 2009. Yaliahidi, katikati ya mengine, komite za kudumu za kupatanisha watu ku vijiji. Mwaka wa 2012 wapiganaji walisema yale makubaliano hayakuheshimiwa, wakachukua tarehe ile kuwa jina lao. Jina la siku ya mkutano limekuwa jina la vita tunavyovisikia mpaka leo.

Na udongo je?

Mtu wa kilimo hawezi kumaliza bila neno hili. Mingi ya mikutano yetu ya vijiji inahusu shamba. Sheria ya udongo ya 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali, na juu ya ile tunayoshika kwa desturi, iliahidi ordonansi ya raisi itakayopanga haki zake. Miaka na miaka ilipita bila ile ordonansi. Kwa hiyo mwenye karatasi ya mjini na mwenye kaburi la babu yake mu shamba wanakuja ku mkutano, kila mmoja na haki yake, na wewe mu katikati na alama zako za kuandikia.

Mkutano hauwezi kutoa kile usichokuwa na uwezo wa kutoa. Useme wazi asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza kuongea: leo tunaweza kupatana juu ya njia ya ng'ombe na wakati wa kuvuna, hati ya shamba hatuwezi. Watu hawakasirikii ukweli. Wanakasirika wakitambua jioni kama walidanganywa tangu asubuhi.

Tufanye nini

Kwa yeyote kati yetu atakayeitwa kusimamia mkutano, mimi ningependekeza mambo haya.

Orodha isiandikwe mu ofisi. Upite kwanza, nyumba kwa nyumba kama inawezekana, uulize: nani atapoteza kitu kama tunapatana? Yule njo wa kwanza kuitwa. Uulize tena nani analima ile shamba kwa kweli. Mara nyingi ni mama ambaye jina lake haliko popote. Kisha orodha isomwe mbele ya watu, ku soko ao kiisha misa, siku nyingi mbele. Na usimpe mtu kiti juu anaogopwa tu.

Ufunguo usiwe wa upande mmoja. Ukikutana mu kiwanja cha mfugaji mkubwa, mkulima ameshajibu kabla haujauliza. Chini ya mti, ku masomo, ku barza ya wote, ni bora kuliko ukumbi mzuri wa mtu mmoja. Na luga iwe ile watu wanayogombania nayo nyumbani, si Kifaransa cha ripoti.

Siku ya kesho ipangwe kabla ya siku ya mkutano. Kila azimio liwe na jina la mtu, tarehe na pesa yake. Lisilokuwa na vile vitu vitatu tuliite wazo. Kiisha mwezi mmoja rudi pale pale, na wale wale, usome kwa sauti: hili limefanyika, hili hapana, juu ya nini. Kama mradi hauna pesa ya kurudi, afazali upunguze banderole na soda ya siku ya kwanza.

Nani kati yenu ameona mkutano ambao uliacha kitu mu kijiji? Atuandikie hapa chini: walioitwa walikuwa nani, na nani alirudi kuangalia.