Dawa ya Sonona Iliyogeuka Dawa ya Maumivu

Baadhi ya watu waliopooza upande mmoja wa mwili kwa kiharusi huanza, wiki au miezi kadhaa baadaye, kuhisi mkono au mguu uliolegea ukiwaka moto, ukichomachoma au ukiuma kwa kuguswa na shuka tu, ilhali hakuna jeraha linaloonekana. Mwaka 1906, madaktari wa Ufaransa Jules Dejerine na Gustave Roussy waliyahusisha maumivu hayo na kuharibika kwa thalamasi, yaani sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea hisia za mwili na kuzisambaza. Leo inajulikana kwamba kidonda popote kwenye njia ya hisia ubongoni chaweza kuyaleta.

Kujua chanzo hakukuleta tiba. Parasetamoli haikufua dafu, na hata mofini, mfalme wa dawa za maumivu, huwafaa wachache, kwa kuwa kinachouma si nyama wala mfupa bali ni njia yenyewe ya hisia.

Msaada ulitoka upande usiotarajiwa. Amitriptilini, iliyoingia sokoni mwaka 1961 kutibu sonona, yaani huzuni ya kiwango cha ugonjwa, ilijaribiwa Sweden na watafiti Leijon na Boivie, ambao mwaka 1989 walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 15, 10 walipata nafuu, wakati kabamazepini, dawa ya kifafa, haikuthibitika kuishinda dawa bandia ya kulinganishia. Watu 15 ni wachache mno kwa hoja nzito kiasi hicho. Hata hivyo majaribio yaliyofuata hayakuleta matokeo mazuri zaidi: lamotrijini, nayo dawa ya kifafa, ilipunguza maumivu kwa kiasi mwaka 2001, na pregabalini, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 219 mwaka 2011, iliboresha usingizi lakini haikuyashinda maumivu yenyewe.

Katika sehemu za mbali kama teritwari ya Pangi, msituni mashariki ya Kindu nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukongwe wa amitriptilini ni faida, kwa sababu dawa hiyo ni ya bei nafuu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu ile ya kwanza ya 1977. Kazi ngumu humwangukia muuguzi wa kituo cha afya, ambaye hana budi kwanza kuyatenganisha maumivu haya na yale ya bega lililoteguka kwa uzito wa mkono uliolegea, ambalo huhitaji kuegemezwa, kisha aanze amitriptilini kwa kipimo kidogo cha usiku, miligramu 10 hadi 25, na kumwepusha nayo mzee mwenye moyo usiopiga sawasawa au anayeshindwa kukojoa.