Mgeni Aliyealikwa Kula Taka

Ndugu msikilizaji, anayefuga kuku katika nyua za Kariakoo, Gerezani na pembeni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja hana haja ya kupanda basi kwenda Mikumi kutafuta kiumbe cha mwitu. Kipo juu ya waya wa umeme kila asubuhi, cheusi, shingo ya kijivu, kichwa upande, kinahesabu vifaranga.

Wengi tunamwita kunguru wa Zanzibar. Jina hilo lina ukweli nusu. Asili yake ni India, na Zanzibar ndiko alikoshukia katika miaka ya 1890, wakati visiwa vilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Anayetajwa kumwagiza ni Sir Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza kule Unguja. Mji ulikuwa unanuka taka, na ndege huyu alisifika kwa kuzila. Serikali ikapata mfagiaji asiyedai mshahara.

Mshahara aliulipa mwenye kuku. Kunguru hakuweka mpaka kati ya utumbo wa samaki jalalani na kifaranga cha siku tatu uani, wala yai likiachwa wazi. Kufikia mwaka 1917 serikali ileile iliyompokea ilikuwa imemtangaza mharibifu, ikawa inatoa zawadi kwa anayeleta maiti yake au mayai yake. Hakuisha. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Dar es Salaam nayo akaifanya yake, akamtimua kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, ambaye watoto wa Kariakoo leo ukiwaonyesha watadhani ni ndege mgeni.

Nilimtembelea mama mmoja, jirani yangu wa siku nyingi, anayefuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Baada ya shikamoo nikamuuliza mwewe anamsumbua? Akacheka. "Mwewe ana adabu, mwanangu. Anashuka mmoja, anachukua kimoja, anakwenda zake. Hawa wanakuja kwa mkutano." Mmoja humchokoza mama kuku mbele, akikurupuka kumfukuza, wenzake wananyakua nyuma. Mama huyu amejaribu kupaka vifaranga rangi nyekundu, amejaribu kuning'iniza kunguru mfu mtini. Kilichomfaa ni tenga kwa wiki za mwanzo, kisha wavu chakavu wa wavuvi juu ya banda zima. Ndiyo kusema kuku wa kienyeji, ambaye sifa yake ni kujitafutia, sasa naye analishwa kizuizini kwa pumba ya kununua. Wenye mtaji mdogo hapo ndipo wanapokata tamaa, na mayai ya ada ya shule yanakwenda na ndege.

Serikali hazikukaa kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zanzibar, kwa msaada wa Ufini, ilipambana naye kwa mitego na sumu, na wakapungua sana. Mradi ulipokwisha wakarudi. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza kwamba ingewaondoa kunguru milioni moja. Mtego wenyewe ni tundu kubwa ambamo huwekwa kunguru hai wachache ili wenzao waamini kuna karamu. Ni ndege mwerevu. Baada ya muda baadhi hujifunza kukaa mbali.

Mimi hesabu yangu naianzia kwingine. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jalala la mlangoni kwao, wakashinda. Lilipofungwa, taka zikahamia Vingunguti, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mitaa katikati ya jiji ambako lundo lilipita urefu wa mtoto. Hayo, msikilizaji, ndiyo yaliyokuwa malisho ya kunguru. Jike hutaga mayai matatu hadi matano, na wangapi watakua hutegemea wazazi wameokota nini.

Hata leo, pita mitaa ya sokoni Kariakoo jioni wauza mboga na samaki wanapofunga biashara. Kabla gari la taka halijafika, wao wamefika. Wakishiba wanapaa kwa makelele kwenda kulala mitini, na alfajiri, lundo likiwa limezolewa au halijazolewa, wanaanzia kwenye nyua.