Mji Ulio Karibu na Maiti

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, ipo sheria ambayo wengi wetu huipita haraka. Inahusu mtu aliyekutwa kondeni ameuawa, na muuaji wake hajulikani. Wazee na waamuzi walitakiwa kutoka nje na kupima umbali kutoka pale maiti ilipolala hadi miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi walimpeleka mtamba bondeni penye maji yanayotiririka, wakamvunja shingo, wakanawa mikono juu yake mbele ya makuhani. Kisha walikiri mbele za Mungu kwamba si wao waliomwaga damu ile, wala hawakuona ikimwagwa.

Sheria hiyo haikungoja muuaji apatikane ndipo watu wasimame. Maiti isiyo na muuaji ilikuwa na mji wake, na mji huo ulipaswa kujibu.

Sisi Wakristo wa Kenya tumezika maiti za namna hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1975 mwili wa mbunge J. M. Kariuki ulipatikana katika milima ya Ngong. Mwaka 1990 ulipatikana wa Waziri Robert Ouko, karibu na kwake Koru. Wapelelezi waliitwa kutoka Uingereza na tume ikaundwa, lakini tume hiyo ilivunjwa kabla haijamaliza kazi yake. Hatimaye, asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000, maiti ilikuwa ya padre.

Padre John Anthony Kaiser alikutwa kando ya barabara ya Naivasha kwenda Nakuru, karibu na njia panda ya Morendat, amepigwa risasi kichwani. Bunduki ilikuwa karibu naye. Alikuwa mzaliwa wa Minnesota, Marekani, mmisionari wa Shirika la Mill Hill, na alikuwa amefika Kenya mwaka 1964. Alihudumu miaka mingi Kisii, kisha akahamia jimbo la Ngong, kwenye nchi ya Wamaasai.

Huko ndiko alikoonja mateso ya wakimbizi wa ndani. Mwaka 1993 maelfu ya watu walifukuzwa Enoosupukia, na wengi wakapiga kambi Maela, upande wa Naivasha. Padre alikuwa pamoja nao. Desemba 1994 serikali iliivunja kambi hiyo. Familia zilipakiwa kwenye malori usiku na kupelekwa mbali. Padre Kaiser alilipinga jambo hilo waziwazi, na tangu hapo hakunyamaza tena.

Mwaka 1998 serikali iliunda tume chini ya Jaji Akilano Akiwumi kuchunguza mapigano ya kikabila. Mwaka uliofuata Padre alisimama mbele ya tume hiyo na kuwataja kwa majina wakubwa aliosema walihusika kuwafukuza watu. Kabla ya mwaka kwisha aliambiwa aondoke nchini kwa kuwa kibali chake kilikuwa kimekwisha. Kanisa lilipopaza sauti, akaachwa abaki. Machi 2000 Chama cha Wanasheria Kenya kilimpa tuzo ya haki za binadamu. Miezi mitano baadaye alikuwa maiti.

Serikali iliwaita wapelelezi wa FBI kutoka Marekani. Aprili 2001 ripoti yao ilisema ushahidi ulielekea kuonyesha kwamba Padre alijiua, ikataja pia historia yake ya ugonjwa wa akili. Maaskofu wetu walikataa hitimisho hilo. Hawakufanya hivyo kwa kuona aibu ya ugonjwa. Ugonjwa wa akili si dhambi, na Kanisa huwaombea hata waliojitoa uhai. Walikataa kwa sababu mtu aliyekuwa ametoa ushahidi wa hatari alikuwa amekufa, na jibu lililotolewa lilifunga mlango wa kuuliza nani alitaka anyamaze.

Baada ya serikali kubadilika, uchunguzi wa kifo hicho ulifunguliwa mahakamani mwaka 2003. Maaskofu, ndugu zake na mawakili waliendelea nao kwa miaka minne. Tarehe 1 Agosti 2007 Hakimu Maureen Odero aliamua kwamba Padre Kaiser hakujiua, aliuawa. Lakini ushahidi haukutosha kumwonyesha muuaji, akaelekeza upelelezi uendelee. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Basi tulipata nusu ya jibu. Wako wanaosema nusu hiyo haina maana. Sisi hatukubaliani nao. Jina la marehemu lilisafishwa, na ushahidi wake ukabaki ushahidi. Hilo lisingewezekana kama Kanisa lingekubali jibu la kwanza ili mambo yatulie.

Hata hivyo, tusijisifu. Wazee wa Torati walipaswa kuapa kwamba macho yao hayakuona. Je, sisi tungeweza kuapa hivyo? Mambo aliyoyasema Padre mbele ya tume hayakuwa siri. Waliochoma nyumba na waliochomewa walikuwa wamebatizwa. Wengine waliimba katika kanisa moja. Wengi wetu tuliona malori, tukajua yanakotoka, tukasema hayatuhusu.

Gharama ya kunyamaza huko tuliiona upesi. Miezi mitano baada ya uamuzi wa Hakimu Odero, Bonde la Ufa liliwaka tena. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo, wakiwemo akina mama na watoto. Chuki ambayo Padre Kaiser alitaka itajwe hadharani ilikuwa bado hai.

Kwa hiyo, tarehe 24 Agosti inapofika, tusiishie kumtajia Padre Misa. Tujiulize katika jumuiya zetu ndogo ndogo: katika kijiji hiki, kuna kifo ambacho tumekubali kisiulizwe? Kuna mjane anayengoja mtu aseme alichokiona? Na yule aliye tayari kusema, nani atamsindikiza mahakamani, na nani atalala nyumbani kwake usiku ule anapoogopa?

Kumjua muuaji kunaweza kuchelewa, au kusije kabisa katika maisha yetu. Mungu aliyeisikia damu ya Habili ikimlilia kutoka ardhini ataihukumu na hii. Kazi tuliyopewa sisi ni ya wale wazee: kutoka nje, kupima umbali kwa uaminifu, na kukubali pale kamba inapoonyesha kwamba mji ulio karibu ni wetu.