Ibara ya 15: Tabia ya Meneja Ilipokuwa Suala la Taifa

Hulka ya kiongozi mahali pa kazi, yaani namna anavyotawala hasira zake, anavyosema na walio chini yake na anavyotambua madhara ya maneno yake mwenyewe, imefundishwa tangu miaka ya 1990 kana kwamba ni elimu mpya. Dhana ya akili hisia, ambayo maana yake ni uwezo wa mtu wa kuzitambua hisia zake na za wenzake na kuziongoza kwa busara, ilifafanuliwa na wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer mwaka 1990, kisha ikaenezwa na kitabu cha Daniel Goleman cha mwaka 1995. Hata hivyo, miongo miwili hivi kabla ya kitabu hicho, wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kusimamisha mitambo kwa sababu ya dharau ya mameneja, na walifanya hivyo wakiutegemea waraka wa chama tawala.

Madai yao yalikuwa na mizizi mirefu. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, wapagazi waliwekwa chini ya wanyapara, na mnyapara asiyejua kusema na watu aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wenyewe wametoroka. Utawala wa Wajerumani uliuvunja uwiano huo, kwani msimamizi wa shambani sasa alikuwa na kiboko nyuma yake, na adhabu ya viboko 25 ikazoeleka hadi ikawa alama ya zama zile. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya Tanga wakati wa Waingereza, kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 iliyotiwa alama kila mtu alipomaliza sehemu aliyopimiwa, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Kwa mtindo huo, hasira ya asubuhi ya mtu mmoja iliweza kugeuka njaa ya jioni katika nyumba ya mwingine.

Uhuru ulileta sheria, lakini sheria yenyewe iliegemea upande mmoja. Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964 iliunda kamati za wafanyakazi na kumzuia mwajiri kumfukuza mtu apendavyo, jambo lililokuwa hatua kubwa. Ila kanuni ya nidhamu iliyoambatana nayo iliorodhesha makosa ya mfanyakazi, kama vile kuchelewa, utoro na ukaidi, pamoja na adhabu zilizopanda kosa liliporudiwa. Makosa ya meneja hayakuwa na orodha ya namna hiyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo, pamoja na uzito wake, lilipoweka masharti ya uongozi lilishughulikia zaidi mali: hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Kiongozi aliweza kutimiza masharti hayo yote na bado akawa mwonevu ofisini.

Pengo hilo lilizidi kuonekana baada ya mabenki na makampuni makubwa kutaifishwa, kwa kuwa mashirika ya umma yaliongozwa na watu walioteuliwa kutoka juu na waliowajibika juu. Mtu wa namna hiyo hujifunza upesi kusoma uso wa waziri, wala halazimiki kusoma uso wa fundi. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika hayo, lakini mabaraza yalikuwa ya kushauri tu.

Mwongozo wa TANU, chama tawala, ulitolewa Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda, na sehemu kubwa ya maandishi yake ilihusu ulinzi wa mapinduzi na ukombozi wa Afrika. Katikati ya mambo hayo mazito ilikaa ibara ya 15, iliyohusu mwenendo wa viongozi kazini na katika maisha ya kila siku, ikiwakataza majivuno, ufahari, dharau na uonevu, na kuwataka waheshimu watu wanaowaongoza. Chama kilikuwa kimeitaja tabia ya mtu binafsi kuwa suala la siasa, na wafanyakazi waliielewa ibara hiyo kwa haraka ambayo pengine waandishi wake hawakuitarajia.

Kati ya mwaka 1971 na 1973 migomo ilizuka kiwanda baada ya kiwanda, mahali pengine meneja akifungiwa nje ya lango, na Issa Shivji, aliyeichambua katika kitabu chake cha mwaka 1976, alionyesha kuwa mengi ya madai ya wafanyakazi hayakuwa ya mshahara bali ya matusi, kudhalilishwa na upendeleo. Jambo hili lastahili kutiliwa mkazo, kwa sababu watu wenye kipato kidogo walikubali kuhatarisha hata hicho ili wasitukanwe. Mwezi Juni 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi wakakichukua kiwanda na kukiendesha wenyewe. Dola, iliyokuwa imefungua mlango, ilianza kuufunga: waliojaribu kufuata mfano huo kwingineko walizuiwa, na lugha ya nidhamu na uzalishaji ikarudi kutawala.

Udhaifu wa ibara ya 15 ulikuwa kwamba ilimkataza kiongozi kiburi bila kumwekea utaratibu wa kujitazama, yaani njia ya kupata ukweli kuhusu mwenendo wake kutoka kwa anaowaongoza kabla lango halijafungwa. Kujitambua kuliachiwa dhamiri ya mtu, na dhamiri peke yake haikutosha. Lakini ibara hiyo ilikuwa na nguvu moja ambayo mafunzo ya leo ya akili hisia mara nyingi hayana, nayo ni kwamba aliyeonewa ndiye aliyekuwa hakimu wa tabia ya kiongozi, ilhali leo kiongozi hujipima mwenyewe kwa hojaji ukumbini. Waliosimama kwenye malango yale sasa ni wazee, na vyuo vinavyofundisha uongozi nchini vingefanya jambo la maana kuwatafuta na kuandika ushahidi wao wakiwa bado hai.